Ule Ukimya wa Mlangoni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, na lile gazeti pia. Huku paka amezalia kwenye sanduku la nyaya zako.

Nimesoma humo kwamba ule ukimya wa Mama mlangoni, kwenye filamu yako, ndio unaokutambulisha kama mwongozaji. Nilicheka. Si wewe uliyeniambia, "Dada, kipande hicho kitupe, Mama kasahau maneno"? Mimi mhariri wa filamu yako nikakiacha kwa ubishi tu. Sina kinyongo. Au ninacho kidogo. Bango lina jina lako peke yako, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini ukimya ule si wako wala si wangu. Mama alikuwa amekwisha kuanza kusahau. Sasa anaacha jiko likiwaka, na daktari ametuambia hatapona. Jana nilimwekea filamu. Akamtazama yule mama mlangoni, akasema, "Maskini, huyu anamsubiri nani?"

Wewe bado anakutaja kwa jina. Njoo, mdogo wangu, kabla hajaniuliza mwongozaji ni nani.

Ni mimi dada yako, mwenye mkasi.