Gauni la Mteja wa Majaribio

Mwanangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba paka ameikubali kompyuta. Huilalia kila asubuhi kwa sababu ina joto, na wateja humsalimia yeye kabla yangu.

Nilipokupeleka chuo kusoma biashara, sikujua kwamba mna somo la teknolojia ya habari, wala kwamba zoezi lako lingekuwa duka la ushonaji la baba yako. Lakini programu yako inachapa kazi. Kila Jumamosi inawakumbusha wateja, yenyewe, waje kuchukua nguo zao. Ila ulipoijaribu ulitumia namba ya mama yako, ukasahau kuitoa.

Unajua tangu mlipofungua chuo mama yako yuko kwa dada yake. Sisi tunaita kupumzika. Simu zangu hapokei.

Basi Jumamosi akaingia dukani na begi lake.

“Eti ‘Mpendwa mteja, gauni lako liko tayari, tunakusubiri.’ Wewe! Kuniita mpendwa umejifunzia wapi uzeeni?”

“Elimu haina mwisho, mama watoto.”

Akacheka. Mimi nikashika mkasi, mikono ipate la kufanya. Begi sasa liko chumbani.

Usimwambie neno. Na mwalimu wako akiuliza kama programu ina kasoro, mwambie fundi hajaiona.

Ni mimi baba yako, mwenye duka na paka.

N.B. Mama anataka kulijaribu gauni kesho. Hata kitambaa sijanunua.