Sauti Yangu Ilivyochelewa

Mwangi mjukuu wangu,

Huku Kiptere mvua imeshika, na majani ya chai yanakua haraka kuliko mikono yetu inavyochuma. Mgongo unauma lakini moyo ni mzima. Nyanya yako amenipigia simu kutoka Londiani: ng'ombe amezaa ndama jike!

Umeniuliza kwa nini wenzako darasani wana sauti nzito na wewe bado unasikika kama dada yako, na kama ununue zile dawa za kuleta sauti nzito anazouza rafiki yako. Usinunue. Umebeba jina langu, na nadhani umerithi kuchelewa kwangu pia.

Nilipokuwa kama wewe, kwenye kwaya niliimba upande wa wasichana. Vijana wa besi walinitania kwa jina la kike, "Wanjiku, leo sketi iko wapi?" Baba alicheka tu: "Hata mimi nilichelewa." Jumapili moja, katikati ya wimbo, sauti ikaporomoka kama gunia la viazi. Mama akasimama akapiga ngemi, vile vigelegele vinavyopigwa mtoto wa kiume anapozaliwa. Pasta alicheka mpaka akaketi.

Daktari wa hapa aliniambia mambo haya hurithiwa, na kwamba wanaobalehe mapema sana ndio huelekea zaidi kupata kisukari ukubwani, ingawa si wote. Hata hivyo, mwone daktari wa huko akupime, tusibahatishe.

Sauti ikivunjika, nipigie hata nikiwa shambani. Nitapiga ngemi mimi mwenyewe, na wachumaji wenzangu wanicheke.

Guka wako,
Mwangi