Kulirudisha Jina la Shangazi

Lucky Summer, Nairobi
9 Februari 2025

Shangazi Muhiba,

Shikamoo. Natumai u mzima huko Kisauni na mguu umepunguza kuvimba. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Jua la Nairobi mwezi huu limekuwa kali kama la kwenu. Ndanu, jirani yangu wa mlango wa pili, anakusalimu ingawa hamjaonana.

Najua umenipigia simu mara nyingi na sijapokea. Si kiburi wala si wingi wa kazi. Ni sauti. Sauti yangu imekuwa nzito, na nilijua ukiisikia utasema, "Wewe nani? Hebu mpe simu Muhiba." Ndiyo maana nimeona nikuandikie ujumbe mrefu kama barua, uusome polepole.

Shangazi, tangu utotoni nimejua kwamba mimi si msichana. Wewe mwenyewe uliniona nikilia kila Idi nikivalishwa gauni, ukawaambia waniache na suruali yangu. Mwaka jana nilianza kwenda kwa daktari. Ananidunga homoni, na ndipo sauti ikashuka, kidevu nacho kikaanza kuota ndevu. Pale Eastleigh ninapouza mapazia wananijua kama mwanamume. Baba naye amejua. Ameniambia nisikanyage kwake Njiru.

Kilichobaki ni jina. Baba aliniita Muhiba kwa ajili yako, na tangu nipate akili tunaitana somo, kama watu wa jina moja wanavyoitana. Kila nilipoitwa nilijua nimeitwa kwa mapenzi yako. Sitaki kulitupa jina lako kama gunia. Naomba ruhusa nikurudishie, kwa mikono miwili na kwa heshima yote.

Usiponijibu nitaelewa.

Ni mimi,
Somo yako


Kisauni, Mombasa
13 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mguu haujambo. Natumai nawe u mzima.

Ujumbe wako niliusoma siku ileile, nikaizima simu. Ramadhani ikaingia, Idi ikapita, watu wakaja kunipa mkono, wakaniuliza, "Somo yako wa Nairobi hajambo?" Nikawajibu hajambo. Ningewaambia nini?

Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Ulipozaliwa, baba yako alinipigia simu akasema, "Dada, nimekuzalia somo." Wenzangu wana wajukuu, mimi nilikuwa na wewe. Nilijiambia siku nikiondoka duniani, patakuwa na mtu akiitwa Muhiba, ataitika. Leo unanirudishia. Nilifanye nini, mwanangu? Jina si shuka, ukalikunja ukalirudisha kabatini.

Nakuuliza jambo moja, nijibu kweli. Jina langu limekukosea nini?

Shangazi yako,
Muhiba


Lucky Summer
15 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kuona jina lako kwenye simu, hata kama maneno yaliniuma. Asante kwa kunijibu. Nilidhani nimekupoteza.

Jina lako halijanikosea kitu. Shuleni watoto waliponicheka, nilikuwa nikijiambia kwamba hili ni jina la mwanamke aliyefungua duka lake peke yake, akamfukuza mwenye nyumba aliyekuja kumtisha mpaka akaacha kiatu kimoja mlangoni. Nilikuwa nikitembea nalo nikiona haya kuogopa. Kwa hilo nitakushukuru maisha yangu yote.

Lakini nikueleze la Januari, ambalo sikutaka kukuambia. Nilishikwa na homa ya matumbo. Nikaenda zahanati moja huku, nikapanga foleni nikitetemeka. Karani akalisoma jina kwenye kadi yangu, akanitazama kidevuni. "Hii kadi ya dada wa watu umeitoa wapi?" Nikamwambia ni yangu. Akawaita wenzake waje waone. Mmoja akasema, "Kama ni wewe, tuthibitishie." Benchi zima likageuka. Nikachukua kadi yangu nikaondoka bila kutibiwa.

Nilirudi nikajifungia ndani. Ndanu ndiye aliyeona mlango wangu haufunguki, akagonga, akaita, mwishowe akamleta mwenye nyumba wakavunja komeo. Alinikuta sijitambui. Alinipeleka hospitali nyingine, akasimama dirishani akasema, "Mgonjwa ni huyu, andikeni baadaye, mtibuni sasa."

Nilipopata nafuu ndipo nikakuandikia. Nisamehe kwa kukutia huzuni.

Mtoto wa kaka yako


Kisauni
16 Aprili 2025

Mwanangu wee,

Salamu nitakupa siku nyingine. Nimesoma ujumbe wako sasa hivi.

Jina langu ndilo lililokutoa hospitalini na homa? Basi livue. Livue leo hii! Nilikuwa nikiomba jina lile likulinde, na kama watu wamepata njia ya kukudhalilisha nalo, mimi silitaki juu yako hata siku moja zaidi. Nilikasirika kwa kudhani unanikimbia mimi.

Mengine unayonieleza siyajui vizuri, sitakudanganya. Nilizaliwa zamani. Pengine nitayaelewa pole pole, pengine sitayaelewa yote. Lakini dua zangu hazijakuruka hata katika hiyo miezi niliyonyamaza, na hazitakuruka.

Huyo Ndanu mpe nambari yangu. Nataka kumshukuru kwa mdomo wangu. Mwambie ana mama Mombasa.

Sasa niambie, tukuite nani?

Shangazi yako anayekupenda,
Muhiba


Lucky Summer
27 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo nyingi. Sisi huku wazima, mvua imeanza na barabara yetu imegeuka uji. Ndanu amesema mmezungumza karibu saa nzima, na kwamba umemfundisha kupika mbaazi za nazi. Juzi nilizila. Zilikuwa na chumvi ya mtu mwenye furaha.

Siku uliyonijibu nilikaa dukani nyuma ya mabunda ya mapazia nikalia mpaka mwenye duka, Mama Afnan, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia la, nimesamehewa. Akasema hayo nayo yana machozi yake, akaniletea chai.

Umeuliza mniite nani. Ukweli sijui. Dukani naitwa Imran. Si kwamba nililichagua. Kijana aliyekuwepo kabla yangu aliitwa Imran, na Mama Afnan alisema wateja wamelizoea! Ndanu anataka niwe Kimanzi, jina la kwao, eti nina mwendo wa kina Kimanzi. Sijui ni mwendo gani huo. Yeye hana shida nami. Akisema "amelala" au "amekula", Kiswahili hakimuulizi kama ni mume au mke. Ila akifika kwenye jina husita, akasema "huyu jirani yangu".

Nimekaa nikawaza, nikaona haya majina yote nayaokota njiani. La kwanza lilitoka kwako. Kama si kukuchosha, nipe na la pili.

Mwanao


Kisauni
4 Mei 2025

Mwanangu,

Sisi salama, na furaha ya kuombwa jambo hili imenipa nguvu hata nimefua mapazia. Nimechukua siku kadhaa kwa sababu jina lilinijia papo hapo, nami nilitaka kwanza kuwa na hakika kwamba naweza kulitoa.

Babu yako, kabla sijazaliwa, alikuwa keshapanga jina la mwanawe wa kwanza. Muhidin. La msichana hakuwa nalo kabisa. Nikatoka mimi. Bibi yako akamcheka, akamwambia, "Haya, mwite basi." Mbele ya watu akaniita Muhiba, lakini nyumbani nilikuwa Muhidin. Nikipanda juu ya bati kuziba tundu, nasikia chini, "Muhidin, utavunjika, shuka!" Alipozaliwa baba yako, watu walitaka apewe jina lile. Babu akakataa, akasema lina mwenyewe. Ndipo akaitwa Hanif. Na Hanif huyo huyo alijifunza kusema kwa kunilalia mgongoni akiniita "Didini, Didini". Hakunijua kwa jina jingine mpaka alipoanza chuo cha Kurani.

Babu yako alifariki, na baba yako akakua akaacha. Sasa hakuna aniitaye hivyo.

Nakupa hilo. Ukilichukua tutabaki somo, mimi na wewe, kwa jina ambalo kina karani hawakuwahi kuliona. Lakini usilichukue ili kunipendeza. Wewe ndiye utakayeitwa. Likae nawe kwanza, na likikubana niambie, sitanuna.

Shangazi yako


Lucky Summer
8 Juni 2025

Shangazi yangu, somo yangu,

Shikamoo na Idi njema. Natumai nyama ilikufikia na kwamba uliwaachia na majirani. Ndanu ni mzima, ameanza kuvaa leso zako ulizomtumia, anajiona mtu wa pwani.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilifanya ulivyosema. Ndanu aliniita hivyo jioni ile ile kutoka ng'ambo ya barabara, nami nikageuka kabla sijakumbuka kwamba ni jina jipya. Mama Afnan alilalamika siku mbili kwamba wateja watachanganyikiwa. Sasa analiita jina hilo ghorofa nzima ikasikia, utadhani yeye ndiye aliyenizaa. Mwanasheria mmoja ananisaidia kufuatilia kitambulisho. Amesema itachukua muda. Sina haraka.

Jina halinibani, Shangazi. Nimelichukua, na si kwa kukupendeza.

Siku ya Idi nilimtumia Baba salamu, nikaweka jina hilo chini. Akajibu, "Nani kakupa?" Nikamwambia ni wewe. Jioni akanipigia. Nilimsikia akikohoa kile kikohozi chake, nikasema, "Baba, Idi njema," akakata.

Sijui maana yake. Lakini alipiga.

Asante kwa jina la kwanza. Asante kwa hili. Sina ninachoweza kukupa kinachofanana nayo.

Somo yako,
Muhidin


Ndani ya treni, tumepita Voi
21 Juni 2025

Somo yangu Muhidin,

Usishtuke. Sikukuambia kwa sababu ungenikataza kwa ajili ya mguu. Mguu uko juu ya begi, umestarehe kuliko mimi.

Hanif alinipigia wiki iliyopita. Alilia kwanza, kisha akanigombeza kwa nini nimelitoa jina lile bila kumuuliza. Nikamwambia, "Jina ni langu, nampa nimtakaye, na nimempa mwanao." Nikaongeza kwamba nitakuja, na Jumapili nitafika kwake Njiru pamoja na wewe, na kama mlango hautafunguliwa tutakaa kibarazani majirani watuone. Aliniuliza tu kama bado sili pilipili.

Namjua ndugu yangu. Mtu hakuulizi pilipili kama hana nia ya kupika.

Mama niliyekaa naye hapa ameniuliza naenda Nairobi kwa nani. Nikamwambia kwa mwanangu. "Anaitwaje?" Nikamtajia. Akasema ni jina zuri, la watu wa zamani. Nikamwambia ndiyo, la zamani sana.

Nashuka Syokimau. Nasikia watu huwa wengi pale, na mimi sijakuona tangu uanze kuota ndevu, kwa hivyo usihangaike kunitafuta. Simama tu mahali pamoja. Nitashuka, nitaweka begi langu chini, nitakuita.

Wewe itika.

Somo yako,
Muhiba