Majogoo Waliosomeka Majike

Jumatatu, 3 Machi

Duniani kuna vichwa viwili tu vinavyomjua kuku kwa kompyuta. Kimoja changu. Cha pili kikiumwa, nakikaimu. Mwaka wa pili chuoni, nusu baiolojia, nusu biashara – mitihani nayo nusu nimefaulu – na tayari nina kazi. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la rangi: Mkurugenzi, mimi, kompyuta mbili, feni inayopuliza upande wa Mkurugenzi tu. Tunasoma vinasaba vya kuku, programu inasema jogoo yupi azalishe vifaranga wasiokufa ovyo. Mteja wa kwanza: Mama Kuku, mwenye shamba kubwa. Ijumaa anasaini mkataba au anatuacha. Akituacha, chumba kinarudi kwa muuza rangi na mimi narudi kwa mama.

Jumanne, 4 Machi

Majibu ya maabara yamefika. Programu niliyoandika mwenyewe imeyameza bila kukohoa! Nikamwomba Mkurugenzi kiti cha kuzunguka. Akasema hicho cha plastiki bado sijakichosha.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mkurugenzi kauliza kama nimekagua jinsia. Ya nini? Jogoo si anawika? Akanisogezea kibodi. Nikakagua. Nusu ya majogoo wanasomeka majike, na matetea wanasomeka madume. Jasho mpaka kwenye soksi.

Nikakumbuka trei niliyoipeleka maabara wiki iliyopita. Matone ya damu ya kuku hukaa kwenye vishimo vyake kwa mpangilio, na trei ina kona moja iliyokatwa ili mtu asikosee. Nikakosea. Niliiingiza kwenye mashine ya huko kinyumenyume, kuku wa kwanza akawa wa mwisho. Nikageuza orodha: kila jogoo akarudi kuwa jogoo. Nilitaka kuibusu feni.

Mkurugenzi akasema, "Bahati yako umegundua kabla mteja hajasikia."

Bahati, ndiyo.

Ijumaa, 7 Machi

KASAINI! Mama Kuku kaja na buti za matope, kazivua mlangoni, kasaini akiwa na soksi. Kaniuliza, "Wewe ndiye daktari wa kuku?" Nikasema wa kompyuta, mama, sindano naziogopa. Akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Chumba chetu. Kazi yangu. Nimempigia mama, akauliza, "Kwa hiyo shule imesaidia?" Nusu, nikamwambia. Nimepumua kama niliyevuliwa kiatu cha kubana.

Halafu Mkurugenzi akasoma majibu. Wa kwanza, bora kuliko wote: jogoo mweusi, yule mwenye kilemba kilichochanika. Jumatatu gari likamchukue, tuanze naye.

Jumanne sikuandika yote. Majibu yalipotoka tu, kabla ya kukagua chochote, nilimpigia msimamizi wa shamba. Kujionyesha tu. Nikamwambia yule mweusi ni wa mwisho kabisa, hana faida. Akauliza, "Kwa hiyo tumle?" Nikasema mleni, mniwekee paja.

Jumatano, orodha ilipogeuka, sikumpigia. Nilijiambia alikuwa anatania.

Leo nimejificha ngazini nikampigia.

"Mtamu sana, mdogo wangu. Paja lako liko kwenye friji."

Nimerudi juu. Mama Kuku bado yupo, anavaa buti zake. Mkurugenzi anamwambia kazi yote hii ni ya huyu kijana, kisha ananigeukia: gari la Jumatatu lifike saa ngapi?