Mume Wangu Anasema Sisi ni Wanomani

Bi Mwanamkuu mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefika mahali nikimsikia mume wangu anatamka neno Normandi natamani kuziba masikio kwa foronya. Tunauza mashuka na mapazia kwa jumla hapa Kariakoo na tunaishi ghorofani Mchafukoge, mume wangu anaitwa Elibariki Nevil, ni Mchaga wa Marangu kama mimi, na hilo jina la Nevil, nikiri ukweli, ndilo lililonivuta nikiwa msichana, kwa sababu kila kijana aliyenitaka alikuwa na jina kama la binamu zangu, yeye peke yake alikuwa na jina la Kizungu, nikaona nikiitwa mama Nevil nitapendeza.

Miaka ishirini na sita hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Mwaka jana mwezi wa nane akaanza kulichimba kwenye simu, akakuta ni jina la Uingereza lililotokea Normandi huko Ufaransa, kwamba wakubwa wa Normandi walivuka bahari mwaka 1066 na mtawala wao Wiliamu wakawapiga Waingereza wakagawana ardhi, basi tangu siku hiyo hatuna raha, amenunua mtandaoni picha ya ngao nyekundu yenye mistari miwili myeupe iliyopishana, ameitundika dukani juu ya mashuka ya sita kwa sita, na mteja aliyetoka Songea kufuata mapazia anasimuliwa vita vya Wanomani mpaka basi lake linakaribia kuondoka. Nikimwambia, "Baba Matilda, mhudumie mteja," ananijibu, "Mke wangu, historia nayo ni huduma." Hata binti yetu Matilda, ambaye jina nilimpa mimi kwa heshima ya mama yangu mzazi, eti ni ishara, kwa sababu mke wa huyo Wiliamu aliitwa hivyo hivyo.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Matilda amepata mchumba, Godbless Tarimo, kijana wa Rombo, mtulivu, na wiki iliyopita wazee wake walikuja kujitambulisha, tukapika, tukakaa vizuri, mpaka baba yake mkubwa, mzee Onesphory, akauliza kwa upole kabisa, "Mzee Nevil, jina lako sisi mlimani hatulijui. Ukoo wenu hasa ni upi, tusije tukaoa damu yetu?"

Mume wangu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Sisi ni Wanomani."

Mzee Onesphory akadhani hakusikia vizuri. "Wa Mamba, pale jirani na Marangu?"

"Wa Normandi."

Bi Mwanamkuu, mzee akaweka kikombe chini, akasema watarudi Jumamosi hii, ukoo ukijulikana mazungumzo yataendelea, usipojulikana wanashukuru kwa chai. Matilda hajaongea na baba yake tangu siku hiyo, anakula chumbani, na mume wangu anasema wakwe wakitaka wasome historia.

Sasa jambo linaloniumiza. Kesho yake nilimpigia kwa siri shangazi yake, shangazi Agnesi wa Marangu, nikamuuliza, akacheka mpaka akapaliwa. Akasema babu wa mume wangu aliitwa Ndesario Mtui, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyeitwa Nevil, na siku alipoenda kujiandikisha serikalini karani alimuuliza, "Wewe ni wa nani?" naye akajibu, "Wa Nevil," akimaanisha anakofanya kazi, ikaandikwa hivyo na ikabaki hivyo. Kwa hiyo ukoo wetu ni Mtui, na Mtui na Tarimo hawana kizuizi chochote. Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Nikimwambia mume wangu nitamvunja, nikimnong'oneza mzee Onesphory nitakuwa nimemwaibisha mume wangu kwa wakwe, nikinyamaza mwanangu anakosa ndoa. Nifanyeje?

Mama Matilda, Mchafukoge

Mama Matilda,

Marahaba. Wiki nzima jibu umelishika mkononi, mtoto anakula peke yake chumbani, halafu unaniuliza ufanyeje? Barua yako ilinifikia Jumatatu, nikaona nikisubiri gazeti la Ijumaa utabaki na siku moja tu, nikakupigia. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa wengine wenye waume wa namna hii.

Pole, kwanza. Kuishi na mtu aliyegundua historia uzeeni si kazi ndogo. Lakini mumeo hakudanganya kuhusu jina. Nevil ni jina la Kinomani kweli, limetokana na kijiji cha huko, na maana yake ni makazi mapya, kama sisi tunavyosema Mji Mpya. Wakubwa waliitwa kwa vijiji vyao, wakavuka nayo majina. Alichokosea ni kudhani jina likifika mahali, damu imefika nalo. Hata huko Uingereza si kila Nevil ni ndugu ya Nevil mwingine. Na ngao kule hupewa mtu na kizazi chake, haipewi kila mwenye jina. Aliyemuuzia ile picha angeniuzia hata mimi Mwanamkuu wa Ilala.

Wewe nawe usijitoe. Ulilipenda jina hilo bila kuuliza, na miaka ishirini na sita umelivaa. Kwa hiyo usimcheke.

Kwa mzee Onesphory usiende. Ukoo wa nyumba hiyo atautaja mwenye nyumba. Nilikuambia ufunge duka mchana, mkae wawili, umpigie shangazi Agnesi, umpe mumeo simu, kisha unyamaze. Hadithi ni ya shangazi, aisimulie yeye.

Jana ulinipigia. Ukasema alisikiliza ameketi juu ya robota la mapazia, kisha akamuuliza shangazi, "Mbona baba hakuniambia?" Shangazi akamjibu, "Baba yako aliona aibu kwamba babu yako alikuwa mpishi." Na mumeo akasema, "Mimi sioni aibu. Jiko hilo ndilo lililomsomesha baba."

Nilipolisikia hilo nikamsamehe nusu ya makosa yake. Nusu iliyobaki aimalize mwenyewe. Leo hii akabishe hodi kwa Matilda, amwambie yeye kabla hajawaambia wakwe, na amwombe radhi. Wewe usiende kumsemea, hata akikwama mlangoni. Jina la Nevil mbaki nalo, liko kwenye vyeti vyenu na halijamkosea mtu, lakini ile ngao ishuke, wateja wapate kuona mashuka.

Jumamosi asimame mbele ya mzee Onesphory, amtaje Ndesario Mtui wa Marangu, ataje na kazi aliyoifanya, halafu akae chini. Akitaka kuongeza kuhusu mwaka 1066, mvute koti.