Inua Kwanza, Soma Baadaye

Nairobi mjini,
Jumatano, 14 Juni 2006

Mpendwa dada Wamucii,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Ken. Natumai kile kifua kimekuachilia. Mimi mwili ni mzima, lakini tangu Jumapili situlii. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezirarua, na hii naiandikia kwenye kaunta ya duka nikiwa nimesimama. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwa simu ningekudanganya tena.

Unakumbuka mwaka jana nilipokuundia kompyuta ya kuhariri video za harusi. Nilipiga hesabu ya wati: prosesa, kadi ya picha, diski mbili, kichoma DVD. Zilifika karibu mia tatu. Nikachagua pawa saplai, lile sanduku la chuma lenye feni linalogawia kompyuta yote stima, na kibandiko chake kilisema mia nne. Mzee Were, aliyenifunza kazi hii, alikuwa akituambia kila siku kwamba kibandiko hakina haya. Inua kwanza, soma baadaye, kwa sababu saplai yenye nguvu imejaa shaba na chuma, na mkono huhisi. Bila shaka niliishika, lakini macho yalikuwa yameshaamini.

Ndipo mashine ikaanza kuzimika kila ukichoma DVD. Nusu ya harusi ya Janice ikapotea, ukalia. Ulisema ni Lazarus, yule fundi wa kuchomelea mageti mliyepakana naye hapo Kinoo, kwamba mashine yake inanyonya stima yote. Na kweli taa zako zilikuwa zikififia akianza kazi. Mzee Zachariah, mwenye ploti mnayopanga, akaita kikao, akataka neno la mtaalamu. Mtaalamu nikawa mimi. Nilisema mashine ya Lazarus ndiyo inayoua kompyuta. Yeye hakubisha. Aliniuliza tu kama nina hakika, nikasema ninayo. Akapewa hadi mwisho wa mwezi ahame.

Alihama, na kompyuta haijazimika tena. Jumapili ukasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemwondoa adui mlangoni pako. Watu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Jana nilimpelekea mteja kichapishi Kabiria, nikamwona Lazarus kando ya barabara, anakunja mabati kwa nyundo kutengeneza majiko. Pale alipohamia stima haina nguvu ya kuchomelea, na mashine yake ameifunika gunia. Nilitaka kuvuka barabara nimkwepe, akawa ameshaniona. Akaniuliza, "Fundi, ile mashini ya sista yako siku hizi iko sawa?" Nikasema iko sawa. Akasema basi ni vizuri, angalau kuna mtu amesaidika.

Dada, wiki aliyohama ndiyo wiki niliyokuja kwako nikasema nataka kupuliza vumbi. Sikupuliza vumbi. Nilitoa ile saplai nikaweka nyingine, nzito. Na usidhani nilikuwa nimegundua siku hiyo. Siku mbili kabla ya kikao, ulipokuwa umeenda sokoni, niliifungua kompyuta, nikaitoa saplai na kuipima kwenye kiganja, ikawa nyepesi, nikajua. Nilijua nikiwa nimeketi pale mbele ya Lazarus. Ulikuwa umeliambia kanisa zima kwamba ndugu yako ndiye fundi wa kompyuta, na niliogopa aibu kuliko nilivyomhurumia mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia Kabiria.

Jumamosi nakwenda kwa Mzee Zachariah, maana chumba kile bado ni kitupu. Jumapili nitasimama palepale uliposimama wewe. Ukitaka kuketi nyuma nisikuone, sitakulaumu. Nakuomba jambo moja tu, tufuatane Kabiria kumwita Lazarus arudi, kwa kuwa neno adui lilitoka kinywani mwako lakini mimi ndiye niliyekutilia.

Mpe Mama mkono kwa niaba yangu, ila usimsomee barua hii kabla sijafika. Ndani ya kifurushi kilicholeta barua hii nimeweka ile saplai ya zamani. Kibandiko bado kinasema mia nne. Usikisome kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Wachira