Spika za Devota

Mafinga, Jumatatu

Mwanangu Devota,

Kamwene, salamu kwenu huko Mbeya. Huku baridi ni kali, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Sasa hiyo kompyuta uliyonitumia. Jana ulipopiga niliwaona kwenye kioo chake wewe na mjukuu wangu Blessing mkifungua midomo, lakini sauti hakuna. Nilichomoa nyaya za spika nikazirudisha. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikazima, nikawasha. Kimya. Nikasema umeuziwa spika mbovu, na sikutaka kubishana na mtu.

Leo asubuhi nikamwita fundi Jofrey. Akafungua wimbo wa kwaya. Nikamwambia, "Unaona? Mbovu." Akaniangalia tu. Mara jirani yetu Severina akaingia mbio, amejiziba masikio kwa mikono miwili.

Spika ni nzima, Devota.

Jofrey alikunywa chai, akaondoka. Nadhani aliniaga.

Usiilaumu misumeno ya kiwanda cha mbao. Miaka thelathini ilitulisha, na wewe ikakusomesha.

Jumapili piga vilevile. Unakumbuka ulipokuwa ukiniletea chakula kiwandani? Kwa kelele zile usingeweza kuniita, basi ulisimama mlangoni umeinua mikono yote miwili mpaka nikuone. Mfundishe Blessing afanye hivyo. Nitajua ananiita babu.

Mimi baba yako, niliyebaki na mbuzi,
Zabron